Vali ya Shangazi

Wenzake maabarani walimwita Bi Barafu, kwa kuwa hakuonekana bila ndoo ya barafu mkononi. Siku hiyo ndani ya ndoo mlikuwa na kichupa kutoka chumba cha upasuaji, na ndani ya kichupa, vali ya moyo wa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyeridhia ipelekwe kwenye utafiti, tena kwa sharti. "Aishike mwanangu," alimwambia daktari, "si mtu mwingine."

Mkuu wa maabara alimtazama usoni. "Kama roho inasita, sema. Kazi hii nitaifanya mimi."

"Inasita, mkuu. Lakini niache tu."

Akaitoa vali kwa koleo. Kumbe ni kitu kidogo hivi! Vijipande vitatu vyembamba, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, kingo zimeota chokaa. Ndivyo vilivyokuwa vikifunguka na kujifunga shangazi alipomfokea, alipomkimbiza hospitali mgongoni, alipocheka mpaka akashika mbavu. Hata alipolala, vyenyewe havikulala.

Akavimwagia naitrojeni ya majimaji yenye baridi kali, moshi mweupe ukatambaa mezani. Vikawa vigumu kama jiwe. Akainua mchi, akatwanga. Chokaa ikalia kru, kru. Unga akauchanganya na dawa ya kutoa protini, akautikisa juu ya barafu, kisha akautia kwenye mashine ya kuzungusha. Iliposimama, mashapo yalikuwa yamezama chini ya mrija. Juu yalibaki maji maangavu, utadhani hayana kitu.

Akadondosha tone kwenye dawa ya kupimia protini, ya kahawia. Papo hapo ikageuka buluu, buluu iliyokolea.

"Zimo!" akanong'ona. "Mkuu, njoo uone."

Mkuu alikwisha kuiona rangi hiyo mara nyingi. Hata hivyo alivua miwani, akasimama kando yake.

Siku ya nne jioni, shangazi akiwa ameshapata nguvu, akaenda wodini.

"Sogeza sikio," shangazi akamwambia. "Usinilalie tu, nina mshono."

Tik, tik, tik. Vali mpya ya chuma ilisikika waziwazi.

"Sasa hata kumnyemelea mtu siwezi," shangazi akalalamika. "Haya, ile yangu ilikuwaje?"

Bi Barafu akainua kichwa kifuani. Machozi yakamlengalenga.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, shangazi."

"Nilijua," shangazi akasema, akamfuta shavu kwa kidole.