Tolliver Raundi ya Tatu

Kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, kuanzia Septemba hadi karibu na Krismasi, simu ya ukutani jikoni kwetu ilikuwa lazima ilie, au baba ainyanyue apige yeye. Alikuwa kwenye ligi ya kubuni ya watu kumi na wawili, wengi wao wenzake wa kiwandani hapa mjini Erie. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, na wanachofanya uwanjani Jumapili kinageuka kuwa pointi zake. Ligi za namna hiyo zipo kila mtaa. Yao ilikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia kwingine: ukishindwa wiki hii, unampigia simu aliyekushinda, unasikiliza anavyokusimanga, na hukati mpaka yeye akate.

Nilikua nikisikiliza hizo simu kutoka ngazini. Baba alikuwa mtu mkimya siku sita za wiki.

Alifariki mwezi Machi. Mei, Duane Kosko, mwenyekiti wa ligi, alikuja na bakuli la viazi vya kuoka, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kiti ni cha familia, Corinne," alisema. "Unakitaka?"

"Nakitaka."

Nilijibu haraka hata mimi nikashangaa. Duane akajikuna shingo.

"Ila lazima nikwambie. Len alishika mkia mwaka jana. Ukishika mkia miaka miwili mfululizo, kiti kinaenda kwa anayengoja. Na anayengoja ni shemeji yangu, amengoja miaka sita, kila sikukuu ya Shukrani ananikumbusha kabla hatujakata bata mzinga."

Baba alishika mkia kwa sababu kuanzia Novemba alikuwa hospitalini, na wachezaji wake watatu walioumia walikaa kwenye kikosi majuma matano bila mtu kuwatoa. Mimi nilikuwa kando ya kitanda chake muda wote huo na kompyuta mapajani. Sikujua kwamba kuna kitu cha kubadilisha. Yeye hakusema.

Basi Agosti ikafika na swali moja. Kwenye ligi yetu kila mtu anaruhusiwa kubaki na mchezaji mmoja wa mwaka uliopita. Wengine wote wanarudi ubaoni kuchaguliwa upya. Jina unalibakiza kwa maandishi, linafika kwa Duane kabla ya Ijumaa jioni. Kwa miaka tisa mfululizo baba aliandika jina lile lile: Marquis Tolliver, mdakaji wa pembeni wa timu ya Cleveland. Alimwita "Tolliver wangu", kama mtu anavyomwita mpwa wake.

Nilisomea takwimu chuoni, na kazini nahesabu maji ya wilaya. Nikafanya ninachojua. Nilitazama tena kila mpira aliorushiwa Tolliver msimu uliopita, themanini na nane kwa jumla. Miaka miwili kabla yake ilikuwa mia moja thelathini na mmoja. Ana miaka thelathini na minne. Mikono yake bado ni ile ile. Mpira ukimfikia, haudondoki. Tatizo ni miguu. Zamani aliudaka akiwa ameshamwacha beki hatua mbili nyuma, sasa anaudaka na mtu begani, na pale pale anaangushwa. Tena Cleveland wameleta kijana wa miaka ishirini na mbili anayecheza upande ule ule, na mrushaji wao mpya anapenda mipira mifupi ya katikati, kule ambako Tolliver haendi tena kwa sababu ya mbavu zake.

Nilimtafutia visingizio, sikatai. Karibu na mstari wa goli bado wanamtafuta. Hajakosa mechi hata moja kwa miaka minne. Viwanja vikiganda Desemba, wenye mbio wanapoteza mbio zao, naye hana za kupoteza. Nikaweka yote kwenye hesabu. Jibu lilikuwa pointi nne na nusu kwa mechi. Mdakaji wa kumweka benchi, akae kwa siku ambayo wengine wanapumzika.

Na kwenye kikosi hicho hicho cha baba alikuwepo Jaylen Buckner, mbeba mpira kijana aliyeokotwa raundi ya mwisho, ambaye sasa hesabu zilimpa pointi kumi na tano. Kumwacha Buckner ili kubaki na Tolliver ilikuwa ni kumkabidhi shemeji wa Duane kiti mkononi.

Mechi ya mwisho tuliyoitazama pamoja, Tolliver aliteleza peke yake katikati ya uwanja, akabaki amekaa kwenye nyasi. Baba alicheka bila sauti. "Na yeye kachoka," alisema.

Niliandika Buckner. Kisha nikajifariji: babu wa miaka thelathini na minne hagombewi na mtu. Uchaguzi una raundi kumi na nne, kila mtu mchezaji mmoja kwa raundi. Nitamchukua ya kumi na nne, akae benchi, abaki wangu. Nililiandika jina lake kwenye karatasi yangu, chini kabisa, nikalichorea kisanduku.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi mchana kwenye gereji ya Duane. Ubao mkubwa ukutani, stika za majina mezani, ndoo ya barafu, na trei ya mikate midogo yenye soseji ya pepperoni ndani. Waliniachia kiti cha baba, cha kukunja, chenye mkanda wa gundi kwenye mguu mmoja. Wote walikuwa wapole kwangu, na upole wao ulininyamazisha zaidi. Walitaniana wao kwa wao. Wakifika kwangu walishusha sauti na kuuliza kama nataka soda.

Kulia kwangu alikaa Mzee Wendell Pruitt, aliyefanya kazi na baba zamu moja kwa miaka ishirini na sita. Alinisogezea trei tu.

Raundi mbili zikapita. Raundi ya tatu, zamu ya Mzee Wendell, akainuka polepole akishika goti, akapekua stika, akaenda kubandika moja ubaoni.

TOLLIVER.

Gereji ikalipuka kwa kelele.

"Wendell, umeanza kunywa saa ngapi leo?"

"Raundi ya tatu, bwana? Huyo angekungoja mpaka Jumatatu, na angekuja na fimbo yake."

"Mwacheni. Wanatumia dawa moja ya magoti, wanaelewana."

"Chagueni wenu," alisema Mzee Wendell. "Niacheni na wangu."

Wangu. Niliitazama karatasi yangu, kisanduku kile chini. Duane alikuwa ananiita. "Corinne? Ni wewe, binti." Nikataja mdakaji aliyefuata kwenye orodha yangu, chaguo zuri, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nilichagua vizuri mpaka mwisho. Raundi ya kumi na nne nilichukua mpiga teke ambaye hata jina lake nililisahau njiani kurudi nyumbani.

Juma la kwanza la msimu, ratiba ilinipanga na Mzee Wendell.

Jumapili saa saba nilikaa kwenye kochi upande wangu ule ule wa siku zote. Buckner wangu alikuwa anacheza kwenye stesheni nyingine. Nilitazama Cleveland. Tolliver alirushiwa mipira mitano, akadaka mitatu. Wa mwisho aliudaka kando ya mstari, vidole vya miguu ndani, mwili wote nje, kama zamani, na nikajikuta nimegeukia upande wa baba kumwambia mtu.

Yadi arobaini na sita, na kila yadi kumi ni pointi moja. Pointi nne na sehemu sita za kumi. Hesabu yangu ilikosea kwa sehemu moja tu ya kumi. Sikumbuki kama nimewahi kuwa sahihi kiasi hicho, na sikuwa na wa kumwambia. Buckner alipata ishirini na moja. Nilishinda kwa mbali.

Jumanne nilifika nyumbani mapema, nikapika makaroni, sikuyala. Saa kumi na mbili simu ya ukutani ikalia. Laini hiyo nilitaka kuikata mara mbili tangu Machi, na mara zote mbili nilikata simu kabla kampuni haijapokea.

"Haya," alisema Mzee Wendell. "Nimepiga. Nisimange."

Niliifunika sahani ya makaroni.

"Corinne? Lazima unisimange, mwanangu, ndiyo sheria. Babako saa hizi angekuwa ameshafika kumsimanga hata bibi yangu mzaa baba."

"Mzee Wendell," nilisema, "kwa nini ulimchukua?"

Nilisikia kiti chake kikisogea.

"Nilipoona umeandika Buckner nikasema, sawa, mtoto hataki kumwona kila Jumapili, itamuumiza. Lakini Len kamfuga miaka tisa. Nikaona akibaki ubaoni mpaka mwisho, watu wanamruka, wanamcheka, na wewe umekaa pale pale... Nikaona bora nimtoe mapema."

"Nilikuwa nimemwekea raundi ya mwisho."



"Ungesema."

"Najua."

"Nilikuwa kando yako, binti. Nusu mita."

"Najua, Mzee."

"Basi mchukue. Nipe yule mpiga teke wako, tubadilishane. Duane akipiga kelele nitamnyamazisha mimi."

Niliutazama waya wa simu, ulionyooka sehemu moja pale baba alipokuwa akiuvuta mpaka kwenye jiko. Tolliver angekaa kwenye benchi langu. Hapa nyumbani jina lake lingekuwa maandishi kwenye kompyuta. Kule kwa Mzee Wendell alikuwa raundi ya tatu.

"Baki naye," nilisema. "Ila Jumanne uwe unanipigia. Uniambie alivyocheza."

"Anayepiga ni aliyeshindwa, Corinne. Na wiki ijayo sichezi na wewe."

"Hata hivyo."

Akakohoa. "Utakuwa umekula saa hizi?"

"Bado."

"Nitapiga saa kumi na mbili kamili. Uwe umekula." Akangoja. "Sasa nisimange nikapumzike. Siwezi kukata, unajua."

Nilishika kipokezi kwa mikono miwili.

"Mzee Wendell," nilisema. "Raundi ya tatu?"

Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, nami sikukata.