Nyumba Iliyohesabiwa Kama Mwamuzi

Asubuhi ya mechi ya kwanza ya ubingwa wa kriketi wa kanda, mtunza uwanja alikuwa akisukuma mashine ya kukata nyasi upande wa kushoto wa wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, alipogonga kizingiti cha saruji ambacho jana yake hakikuwepo. Kilikuwa kizingiti cha mlango wa nyumba, kimepakwa rangi nyekundu, na pembeni yake zilisimama nguzo mbili zenye kamba ya kuanikia nguo. Nguo zilikuwa mbichi, zikidondosha maji. Mtunza uwanja akakagua meno ya mashine, akaona hayajapinda, akakizunguka kizingiti na kuendelea na kazi.

Gundi alikiona alipotoka kupasha misuli moto. Yeye alikuwa kipa wa timu ya taifa ya wanawake, yule anayechuchumaa nyuma ya wiketi na kudaka kila kinachompita mpigaji, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu mpira ukishaingia kwenye glavu zake hautoki. Siku ambazo hakuna mashindano alikuwa fundi simu. Kizingiti alikitambua mara moja, hata kabla hajaiona sare yake ya darasa la nne kwenye kamba.

"Hicho ni cha kwetu," akamwambia nahodha.

"Basi wewe angalau hutajikwaa," nahodha akasema, akamrushia mpira.

Kabla ya uwanja kulikuwa na mtaa. Mashine za kubomolea zilipofika, mama yake Gundi alikuwa ametoka kufua na ameanza kukaanga kitunguu. Aliomba aanue nguo na azime jiko, akaambiwa ratiba imeshapangwa. Watu wa mtaa mzima waliahidiwa nyumba nyingine, ahadi ikarudiwa kwenye mikutano mpaka wenyewe wakachoka kuhudhuria. Mama na binti wakahamia chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Pale ambapo palikuwa na nyumba yao zikapandwa nyasi nzuri kweli, hilo hakuna wa kulibishia.

Mechi ya kwanza walishinda kwa raha zao. Gundi alidaka mipira mitatu, na wa tatu aliufuata akiruka kama paka aliyemwagiwa maji, jukwaa zima likasimama. Ngoma na mavuvuzela havikunyamaza mpaka taa zikazimwa. Kesho yake kuta zilikuwa zimeota, na mlango, na madirisha mawili. Baada ya mechi ya pili, ambayo nusura waipoteze, likaja paa la mabati.

Mchezo wa kriketi una utaratibu wake. Kukiwa na kitu uwanjani kisichoondoleka, mti au nguzo, waamuzi na manahodha hukutana kabla ya mchezo na kukubaliana kitahesabiwaje. Wakakutana mbele ya nyumba. Mwamuzi mkuu, mrefu, mwenye kofia pana, akaigonga ukutani kwa kidole, akaridhika. Ikaamuliwa kwamba mpira ukiingia mlangoni au dirishani, wapigaji wapewe mikimbio minne, yaani alama nne. Ukigonga nyumba na kurudi, mchezo uendelee, maana hata mpira unaomgonga mwamuzi hauhesabiwi kuwa umekufa, na atakayeudaka kabla haujagusa ardhi amemtoa mpigaji kihalali. Kwa hiyo nyumba ihesabiwe kama mwamuzi. Tena kisiguswe kitu chake chochote mpaka mashindano yaishe, ili timu zote zicheze kwenye uwanja ule ule.

"Hata nguo?" Gundi akauliza.

"Hasa nguo," mwamuzi akasema. "Zinaonyesha upepo unakoelekea."

Mama yake Gundi alikuwa akikata tiketi ya jukwaa la karibu kabisa na nyumba. Kati yake na mlango wake kulikuwa na uzio wa waya na mlinzi mmoja, mtu mpole ambaye kila siku alimwambia maneno yale yale: mtazamaji haruhusiwi kukanyaga uwanja, mama yangu, mimi nimetumwa tu. Mama hakubishana naye. Alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, macho kwenye kamba ya nguo.

"Mwanangu," alimwambia Gundi usiku mmoja wakila, "mimi sina haja ya makuu. Nataka niingie nianue nguo zangu, nizime jiko, nikae kidogo jikoni kwangu. Huko mnakochezea ni nyumbani, lakini ninaangalia kama mgeni."

Kesho yake Gundi akapiga moyo konde, akamfuata mwenyekiti wa chama cha kriketi. Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi za jukwaa kuu akipigwa picha. Alimsikiliza hadi mwisho, mkono begani kwake.

"Binti, ile nyumba mimi naiona. Kila mtu anaiona. Nileteeni kombe kwanza. Mkilichukua, mama yako ataingia kwa mlango wa mbele, na mimi mwenyewe nitamshikia mlango. Haya, nenda kadake."

Basi Gundi akadaka. Nusu fainali alicheza kama mtu aliyepagawa, akawatoa wapigaji wa jezi nyekundu mmoja baada ya mwingine, mpaka kocha wao akauliza kama glavu zile zimekaguliwa. Zilikaguliwa. Zilikuwa glavu tu. Mjini watu wasioijua kriketi wala kuipenda walianza kubishana kuhusu ova na mikimbio kwenye foleni za benki. Wateja waliomletea Gundi simu zilizopasuka vioo hawakuzifuata tena, walikuja kumtazama mikono.

Asubuhi ya fainali, moshi ukatoka kwenye dirisha la jikoni.

Mechi ilikuwa dhidi ya jezi za njano, mabingwa watetezi, wanawake warefu wenye mabega ya kubebea magunia. Timu ya Gundi ilipiga kwanza, ikapata mikimbio ya kutosha kutia matumaini lakini si ya kulalia usingizi. Zamu ya jezi za njano ilipofika, uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Harufu ya kitunguu ilitanda kote. Mtangazaji wa redio aliwaambia wasikilizaji kuwa hali ya hewa ni nzuri, upepo wa wastani kwa mujibu wa shuka, na kwamba kuna kitu jikoni.

"Kinaungua!" mama alipiga kelele kutoka kwenye uzio. "Wewe mtoto! Kitunguu kinaungua!"

"Mama, niko kazini!" Gundi akajibu bila kugeuka, na jukwaa likaangua kicheko.

Ikafika kwenye ova ya mwisho, mirusho sita ya kumalizia, kisha kwenye mpira wa mwisho. Jezi za njano walibakiwa na wapigaji wawili tu, mmoja akitolewa zamu yao imekwisha, na walihitaji mikimbio mitatu washinde. Mrushaji alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, ambaye timu nzima ilimwita Nesi, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu. Aliufuta mpira kwenye suruali, akavuta pumzi. Ngoma zilinyamaza. Gundi alichuchumaa nyuma ya wiketi, akisikia mafuta yakichemka.

Nesi akakimbia, akarusha. Mpigaji akazungusha gongo kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa juu kabisa, kushoto, ukatua juu ya paa kwa kishindo.

Wapigaji wakaanza kukimbia. Mkimbio wa kwanza. Nahodha na wenzake wakajazana mbele ya nyumba, mikono wazi, wakiusubiri mpira udondoke mlangoni kama akili inavyoelekeza. Gundi hakwenda huko. Utotoni alikuwa amerusha mipira juu ya paa lile na kugombezwa kwa kila mmoja, na alijua kwamba baba yake, Mungu amrehemu, alipigilia bati la pembeni vibaya, kila kinachobingirika pale hupinda kikaangukia upande wa jikoni. Alikuwa ameshatoka mbio kabla mpira haujaanza kubingirika.

Mkimbio wa pili. Mpira ukapita juu ya vichwa vya wenzake ukigongagonga bati, ukapinda. Ukidondokea dirishani ni mikimbio minne na kwaheri ya kuonana. Gundi akajitupa. Mpira ukamkuta ubavu wake umegusa ukuta, mkono mmoja umenyooka mbele ya dirisha, ukaingia kwenye glavu, ukabaki humo. Alilala pale chini, moshi wa kitunguu usoni, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. Kisha akanyoosha mkono mwingine dirishani, akaipua sufuria.

Mwamuzi mkuu akaitazama nyumba, nyumba haikupinga. Akainua kidole: mpigaji ametoka.

Kelele zilizotoka pale zilisikika hadi hospitalini kwa kina Nesi, ambako wanasema watoto wawili waliamua kuzaliwa palepale. Watu waliruka, walilia, walikumbatia wasiowajua. Nahodha alimbeba Gundi mgongoni akazunguka naye uwanja mzima, na mama, upande wake wa uzio, alikuwa akiruka na mkoba wake, akimwambia kila mtu kwamba paa lile ni la mume wake.

Kombe lilipokabidhiwa, Gundi alilichukua na kulipeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Hili hapa. Mama yangu aingie."

Mwenyekiti alikuwa na machozi ya kweli. Alimkumbatia, akambusu kichwani.

"Binti, umetutoa kimasomaso. Sasa sikiliza. Jana tumekaa kikao, nyumba imeshaingizwa kwenye ramani ya uwanja. Itakuwa sehemu ya mapumziko ya wageni wa heshima. Jiko lile limewavutia mno. Mama yako tutamletea kadi ya mwaliko siku ya uzinduzi, tena atakaa mbele."

"Ulisema ataingia."

"Ataingia. Kwa kadi."

Halafu akaitwa kwenye picha.

Gundi alibaki na medali shingoni, hasira zikimpanda na mahali pa kuziweka hakuna. Mashindano yalikuwa yameisha, kwa hiyo hakukuwa tena na sheria ya kumkataza. Akaenda kwenye kamba akaanua nguo moja moja: shuka, sare yake ya darasa la nne, shati la baba yake. Mlinzi alitazama kando. Gundi akazipitisha juu ya uzio, na mama akazipokea mikononi, akazinusa. Bado zilikuwa na harufu ya sabuni ya siku ile.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Kadi haikuja. Wageni wa heshima hukaa jikoni siku za mechi na husifu ubaridi wake. Paa limepakwa rangi ya mdhamini, bati la pembeni limepigiliwa upya. Gundi bado ni kipa, na anadaka vizuri.

Zile nguo mama alizitundika ndani ya chumba cha kupanga, kutoka dirisha hadi kabati. Hazijakauka. Kila asubuhi huzikamua, huziweka juani pale mwenye nyumba anapomruhusu, na jioni huzirudisha zikidondosha maji vilevile. Ameweka ndoo chini yake. Gundi akitoka mazoezini huimwaga, kisha mama humuuliza leo wamemweka nani jikoni, na Gundi humwambia.