Zamani, Sasa, Tofauti

Saa mbili na nusu asubuhi Darubini aliwasha televisheni mbili zilizokuwa mezani kwake, akafuta vumbi kwenye vioo, akachonga penseli. Ya kushoto ilionyesha kanda za tamthilia ya Merikebu ya Mbinguni ya zamani, ile iliyorushwa miaka arobaini iliyopita bila rangi. Ya kulia ilionyesha Merikebu ya Mbinguni mpya, iliyokuwa ikirekodiwa ghorofa ya chini. Katikati aliweka fomu yenye safu tatu: Zamani, Sasa, Tofauti. Alilipwa kujaza safu ya tatu. Watazamaji wa zamani walikuwa bado hai na wepesi wa hasira, na uongozi ulikuwa umewaahidi kwamba watakuta kila kitu kama walivyokiacha.

Jina la Darubini mwanamke huyu alipewa na wenzake kwa sababu hakuna kilichompita. Aliandika kwamba zamani nyota zilikuwa matundu kwenye pazia jeusi, na zilizimika mtu akipita nyuma yake. Sasa ni za kompyuta na hazizimiki. Zamani nahodha alifikiri kabla ya kujibu. Sasa anajibu kabla hajaulizwa. Zamani sayari ilikuwa mpira wa karatasi, lakini ilitisha. Hilo la mwisho alilifuta, maana fomu haikuwa na nafasi ya maoni.

Baba yake aliigiza katika ile ya zamani. Alikuwa Mwanaanga wa Tatu, mtu wa kubeba masanduku na kusema "Ndiyo, nahodha." Wiki waliyorekodi sehemu ya mwisho, hakurudi nyumbani. Darubini alikuwa na miaka mitatu. Ofisi ya utumishi ilimwandikia mama yake barua: mfanyakazi huyu ameacha kazi kwa hiari yake bila kutoa taarifa, uongozi unamtakia kila la heri. Mtaa ukamalizia yaliyobaki, kwamba alikuwa na mwanamke mwingine. Tangu hapo mama aliitwa Aliyekimbiwa, sokoni, kwenye foleni ya maji, hata kwenye harusi za watu. Hakuolewa tena, na hakuna aliyewahi kumpa pole.

Katika sehemu ya pili ya ile mpya, baba aliingia kwenye picha kutoka upande wa kushoto, kabeba sanduku. Alikuwa na miaka yake ile ile thelathini na miwili, na hakuwa na rangi. Darubini, ambaye sasa alimzidi baba yake miaka kumi na mmoja, aliandika: Mwanaanga wa Tatu, zamani yupo, sasa yupo, tofauti hakuna.

Huko chini hakuna aliyeshtuka. Mwongozaji, waliyemwita Tena-Tena, alidhani mtu huyo kaletwa na ofisi, na ofisi ilidhani kaletwa na Tena-Tena. Alifika kwa wakati, alijua maneno yake, hakula chakula cha kampuni. Fundi wa picha alihangaika siku mbili kumtia rangi, rangi haikumshika, akamwacha kijivu. Watazamaji waliandika kusifu ubunifu huo. Mfagizi peke yake ndiye aliyelalamika, kwa sababu kila aliposimama yule mtu palibaki maji ya baridi.

Nyumbani, saa moja jioni, kioo cha televisheni kilishika barafu kila baba alipotokea. Mama alikifuta kwa kitambaa.

"Amekonda," alisema.

"Hajabadilika hata kidogo, mama. Nimewalinganisha."

"Nakwambia amekonda. Nani alikuwa anampikia, wewe au mimi?"

Darubini alifika kwenye kanda ya mwisho ya zamani siku ya Jumanne. Chumba cha kutokea kwenda angani, ambacho watoto wa enzi zile walikiota, kilikuwa chumba cha baridi kilichonunuliwa kwenye kiwanda cha nyama na kupakwa rangi ya fedha. Mashine yake iliwashwa ili mlango ukifunguliwa ukungu umwagike. Mlango wenyewe ulikuwa na mkono mmoja wa kufungulia, kwa nje. Katika hadithi, Mwanaanga wa Tatu anajitolea kufa ili wenzake wapone: anaingia, mlango unafungwa, nahodha anapiga saluti, muziki unapanda. Watu waliijua mpaka hapo. Lakini mpiga picha alikuwa na haraka ya kwenda kwenye karamu ya kuagana, akasahau kuzima kamera. Kanda iliendelea. Watu walipiga makofi, wakakumbatiana, wakatoka. Taa zilizimwa moja baada ya nyingine. Ilipobaki moja, mkono wa mlango ulicheza. Ukacheza tena. Kisha ukacheza haraka haraka, mara nyingi, ukatulia, na kanda ikaisha. Hapakuwa na sauti, maana fundi wa sauti alikwisha kuondoka na maikrofoni yake. Baada ya siku ile ilikuwa sikukuu, na studio ilifungwa siku nne. Nani alimtoa mle ndani, na alipelekwa wapi, hakuna karatasi iliyosema.

Alirudisha nyuma mara kumi na moja. Alilia mpaka fomu ikalowa, akachukua nyingine. Aliandika: Zamani, mkono wa mlango unacheza, mtu amefungiwa ndani, mtu huyo ni baba yangu. Sasa, bado. Akateremka nayo ngazi mpaka kwa Tena-Tena.

Tena-Tena aliisoma yote. Alikuwa msikivu, na hilo ndilo lililokuwa baya kwake.

"Darubini, umeniokoa! Tungeusahau mkono."

"Bosi, yule ni baba yangu."

"Naona, mmefanana mdomo. Kumbe ndiyo maana anajua kazi."

"Alikufa humo ndani."

"Pole sana, dada." Alishika kifua, na pole yake ilikuwa ya kweli.

"Basi ile barua ifutwe. Mama yangu hakukimbiwa. Na huo mlango uwekwe mkono wa ndani kabla hamjarekodi."

"Mkono wa ndani haiwezekani, zamani haukuwepo. Watu watatukalia kooni. Hayo ya barua nenda utumishi."

Utumishi walimkaribisha kiti. Walifungua faili, wakamweleza kwa upole kwamba taarifa mpya pekee iliyopo ni kuwa mzee huyo sasa anakuja kazini kila siku, na hiyo haiwasaidii wanaodai kwamba amekufa.

Walirekodi Alhamisi, saa nane mchana, siku ya mwisho kabla ya sikukuu. Chumba kilikuwa kile kile, kimetolewa stoo na kupakwa rangi upya kwa nje. Baba alisimama mlangoni, kijivu katikati ya watu wa rangi, maji yakimdondoka kwenye mikono. Darubini alimsogelea.

"Baba, usiingie."

Alimgeukia bintiye. Mdomo wake, ule waliofanana, ulitetemeka ukitafuta neno, na alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Ndiyo, nahodha," alisema, akaingia.

Mlango ulifungwa. Nahodha alipiga saluti. Mkono ulicheza, ukacheza tena, kisha haraka haraka.

"Kata! Safi sana!" alisema Tena-Tena, na kwa mara ya kwanza hakudai irudiwe.

Watu wakiwa bado wanapiga makofi, Darubini aliuvuta mkono kwa nguvu zake zote. Ukungu ulimwagika. Ndani hapakuwa na mtu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mikwaruzo ya kucha, kuanzia usawa wa kifua mpaka sakafuni. Alikuwa amefungua mlango wa leo, na baba yake alikuwa nyuma ya ule wa zamani. Tena-Tena alichungulia juu ya bega lake, akamwagiza fundi wa kupaka rangi asiiguse mikwaruzo, inaonekana halisi.

Baada ya sikukuu baba hakuja. Utumishi walisubiri siku nne kama utaratibu unavyotaka, wakaandika barua. Msimu wa pili ulitangazwa, akapatikana Mwanaanga wa Tatu mwingine, kijana aliyeoa miezi miwili iliyopita. Alipokuwa akipimwa suti aliuliza kama ule mlango unafunga kweli. Aliambiwa asiwe na wasiwasi, wameshafanya hivyo hivyo mara mbili.

Barua ilifika Ijumaa jioni. Mtaa ulikwisha kupata habari: safari hii kamkimbia mara ya pili. Mama alitoa ile ya kwanza kwenye kopo la biskuti, akaziweka zote mbili mezani.

"Hebu zilinganishe, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Darubini aliweka ya zamani kushoto, ya sasa kulia. Alizipitia neno kwa neno, nukta kwa nukta, mpaka kwenye kila la heri.

"Tarehe tu, mama."

Mama alizikunja pamoja, akazirudisha koponi. Televisheni ilikuwa imezimwa, lakini kioo kilikuwa kimeganda. Alichukua kitambaa akafuta, akafuta tena, barafu haikutoka.

"Iko kwa ndani," alisema, akaenda kuosha vyombo.