Makopo ya Wifi Apolonia

Wifi yangu Apolonia alikuwa na ulimi unaowasha kama upupu, na mimi Domitila ndiye niliyewashwa nao miaka yote. Siku alipoolewa na kaka yangu Tadei, alinitazama umbo langu, akauliza mbele ya wakwe kama kiboko wa mto Kilombero naye amealikwa. Nikamjibu kwamba mahari tuliyotoa ilikuwa ya mke mzima, mbona tumeletewa fito? Tangu hapo hatukupitisha wiki bila kutukanana. Kwetu wifi asiyekutania hakupendi.

Basi fikirini nilivyoumia mwaka ule wa 1959, nilipomtukana asinijibu. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekoma. Joto lilimpanda ghafla mpaka akajipepea kwa ungo, nami nikamwambia hilo si geni, lilinipitia mimi kabla yake na sikufa. Lakini kwake joto lilikuja na huzuni. Alikaa jikoni akitazama moto mpaka wali unaungua, akilia bila kujua analilia nini. Nikamwita fito, nikamwita mvivu. Alinitazama tu, akasema, "Kweli, wifi." Jibu hilo liliniogopesha kuliko machozi.

Tukampeleka hospitali ya misheni Ifakara. Daktari Mzungu alimuuliza mengi kwa upole, kisha akampa vidonge vipya vilivyotoka kwao siku zizo hizo, vya kuondoa huzuni ya namna ile. Lakini alituonya wazi kwamba mabaya yatatangulia. Mdomo utakauka, jasho litazidi, mikono itatetemeka, na akiinuka upesi atapata kizunguzungu. Nafuu yenyewe itachelewa, huenda hata wiki kadhaa, naye asiache vidonge bila kurudi kwake. Tadei akanong'ona kwamba dawa gani hii inayoanza kwa kuumiza. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Wakati ule mpunga ulikuwa unatoa masuke, tukahamia mashambani Michenga kuamia ndege wasiumalize. Kila mtu alikaa juu ya dungu lake, kile kichanja kirefu cha miti, akipiga kelele tangu alfajiri. Dungu langu lilitazamana na la Apolonia. Zamani yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kelele bonde zima. Sasa akifungua mdomo, ulimi unagandana na kaakaa, inatoka sauti ya mlango mbovu. Ndege wakashuka kwenye mpunga wake kama waalikwa.

Jioni moja alishuka akilia, vidonge mkononi.

"Nitavitupa mtoni," alisema. "Huzuni iko palepale, na sasa hata ndege hawaniogopi. Nimebaki wa nini?"

Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikamwambia akivitupa nitamtupa na yeye avifuate. Kisha nikaanza kumhangaikia. Nikampa ukwaju amumunye, na kibuyu cha maji kikakaa ubavuni mwake kutwa. Choo kilipokuwa kigumu, kaka yangu akatumwa akatafute mapapai, akazione hizo mbivu. Kwa kizunguzungu nikamwekea sheria: asisimame juu ya dungu kabla ya kukaa wima na kusali Salamu Maria moja, polepole, bila kuruka maneno kama anavyofanya kanisani.

Ikabaki mikono. Ilitetemeka mpaka chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Nikiitazama, wazo likanijia. Tulikuwa na kamba ndefu zenye makopo matupu zilizokatiza shamba, tulizozivuta ndege wakizidi ili makopo yalie. Nikaleta ncha za kamba zote dunguni kwake, nikazikaza vizuri, nikazifunga kwenye mikono yake. Hakuhitaji kuvuta. Alikaa tu, na makopo yakacheza shamba zima, kala-kala-kala, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hakutua ndege hata mmoja. Jirani yetu Barnaba akaja kulalamika kwamba ndege wote wamehamia kwake, akauliza kama hospitali haina vidonge vya kumtosha na yeye. Apolonia akatabasamu kidogo. Nililiona tabasamu lile nikajifanya sikuliona, maana nilihofia nikilishangilia litakimbia.

Nikazoea sauti ile. Makopo yakilia najua wifi yupo na vidonge amemeza, naendelea na ndege wangu.

Ndipo asubuhi moja makopo yakanyamaza. Nikangoja. Nikaita, hakuitika. Nikasema moyoni ameinuka bila Salamu Maria, ameanguka. Kisha nikasema hapana, amevitupa vidonge, na huenda ameenda kujitupa na yeye. Nikaruka kutoka dunguni, na mimi si mtu wa kuruka, nikakatisha katikati ya mpunga wake nikiukanyaga bila huruma, nikiita jina lake.

Nilipofika chini ya dungu lake sikuwa na pumzi. Apolonia alikuwa ameketi juu, kamba zimelala magotini, anaigeuzageuza mikono yake mbele ya macho. Ilikuwa imetulia. Alinitazama, kisha akatazama njia niliyoipasua katika mpunga, kutoka kwangu mpaka kwake. Alihamisha ukwaju kutoka shavu hili kwenda lile, akalowanisha midomo.

"Vidonge nimemeza," alisema. "Mikono ndiyo iliyochoka kutetemeka. Na ndege nimeshajifukuzia. Sasa nani atanifukuzia kiboko huyu?"

Nilikaa palepale kwenye matope, nikalia kwa sauti kubwa. Barnaba akaita kutoka shambani kwake kuuliza kumetokea nini. Nikamjibu, bado nalia, kwamba wifi yangu amenitukana.