Karatasi ya Shamba la Karanga

Syntiche aling'oa karanga akiwa amepiga magoti, maana mimba ya miezi saba haikumruhusu tena kuinama. Alivuta shina, akakung'uta udongo, akatupa kwenye beseni, akasogea. Misimu mitatu iliyopita hapa palikuwa pori. Alilikata yeye, mwanawe Laure mgongoni, kwa mikono ya binti aliyekulia Kalemie mjini, asiyejua hata namna ya kushika shoka.

"Mama Laure! Papa anakuita," Onésime, mumewe, aliita toka njiani. "Kuja na biki yako."

Biki, kalamu yake! Moyo ulimruka. Tangu Pasaka alikuwa akimwomba Papa Casimir, baba mkwe wake, waandike, japo mstari mmoja, kwamba shamba hili ni lake. Mwalimu wa masomo ya jioni aliwarudia kwa neno hilo kila mara: wamama, shamba litiwe kwenye karatasi.

Uani, Papa Casimir alikuwa amekaa kitini, mkewe Mama Bertille mkekani. Kwenye benchi walikuwa Prospère, mtoto wao mkubwa, na Célestine, ambaye harusi yake na Prospère haikuwa imetimiza mwezi.

"Kaa, mukwe," alisema Papa Casimir. "Hapa ni weye peke unajua kuandika muzuri. Andika: shamba ya karanga, tangu leo, ni ya Prospère na bibi yake."

Biki ilisimama hewani.

"Papa, ile shamba njo yangu. Ni mimi nilikata pori."

"Nani anakatala? Ulikata muzuri. Lakini mutoto mukubwa akioa, anachagua shamba yenye kulainika. Njo desturi yetu. Uliza mama yako alikata mapori ngapi."

"Tano," alisema Mama Bertille bila kuinua macho. "Ya mwisho, nilikuwa na mimba ya Onésime."

"Na mimi nitalima wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Pori ni mingi."

"Na hii tumbo, Papa?"

Prospère alicheka. "Bamama ya mujini! Mimba ni ugonjwa?"

Syntiche alimgeukia mumewe. Onésime alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu chake.

"Sema basi, Onésime."

"Andika tu, mama. Papa anangojea."

"Na usitie maneno yako," aliongeza mzee. "Kesho sekretere ya shefu ya kijiji ataisoma."

Akaandika. Herufi zilitoka nzuri, zimesimama wima. Papa Casimir aliigeuza karatasi huku na huku.

"Angalia! Sawa mukono ya padri."

Walipaka wino wa biki yake kwenye vidole gumba, mmoja baada ya mwingine, wakagandamiza: mzee, Mama Bertille, Prospère, Onésime, Célestine. Syntiche naye akanyoosha kidole chake.

"Weye ulishaandika, inatosha. Leta maji," alisema mzee.

Alileta beseni na sabuni, akapiga magoti mbele ya kila mmoja kama inavyompasa mke wa nyumba ile. Mama Bertille aliacha mkono wake majini kidogo zaidi, ndani ya mkono wa Syntiche, kisha akautoa.

"Karanga zenye kubakia, uzimalize mbele ya mvua kunyesha," alisema Papa Casimir. "Célestine atakuonyesha pa kuzianika."

Wino wa Célestine ulikataa kutoka. Binti yule alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umelegea.

"Sugua, Mama Laure," alisema mzee. "Usimuumize tu."

Syntiche akasugua.