Gauni Litiwe Buluu

Watu wa Nyangamara walinijua mimi, Nikodemo, kuwa ni msomi. Nilisoma kwa mapadri miaka miwili tu, lakini enzi zile za Mwingereza miaka miwili ilitosha kumvimbisha mtu kichwa. Barua ya yeyote ikifika kijijini, naitwa mimi. Kwa hiyo masista walipoandika kwamba binti yangu Lusia amepata nafasi katika bweni lao, niliisoma ile barua uani kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

Masharti yalikuwa machache. Mtoto aje na raba nyeupe na gauni jeupe, na hilo gauni litiwe buluu. Asiyetimiza siku ya kwanza, nafasi yake atapewa mwingine.

Gauni tulikuwa nalo. Dada yangu Brigita, yaya katika nyumba ya Mzungu mjini Lindi, alituletea la kwake lililochakaa, limeingia manjano kwapani na lina doa la kutu kiunoni. Mke wangu Tekla alilishughulikia wiki nzima. Alililoweka katika maji ya majivu, akasugua doa kwa ndimu na chumvi, akalitandaza juani juu ya majani, na kila likikauka analinyunyizia maji tena. Akapandisha pindo, akatia viraka kwapani. Raba alizotuletea Brigita zilikuwa kubwa. Tekla akazipaka chokaa na kujaza sufi kwenye ncha. Mwisho wa wiki gauni lilikuwa jeupe pepepe, na Tekla, ambaye si mtu wa kujisifu, alilitundika mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

Mimi nikasema bado buluu.

Tekla alisema kwa upole kwamba barua imetaka jeupe, na jeupe limeshakuwa jeupe. Nilimjibu mbele ya mtoto: "Wewe umesoma wapi?"

Nikaenda dukani kwa Abilahi nikanunua vidonge vinne vya buluu. Akaniuliza kama nimeanza kazi ya udobi. Nikaona ananicheza shere, nikaondoka bila kuaga. Nilivichemsha vyote na uji mwepesi wa muhogo ili rangi ishike, nikalichovya gauni kwa mikono yangu mwenyewe. Likatoka la buluu kweli, tena la mabakamabaka, na mimi nikaridhika.

Tulitembea siku mbili. Pale shuleni wasichana walipanga mstari, wote wamevaa nyeupe, na katikati yao Lusia wangu. Sista aliyekuwa akikagua aliuliza nani amefanya vile. Nikamwonyesha barua. Aliisoma, kisha akanieleza polepole, kama anayesema na mgonjwa, kwamba buluu hutiwa kidogo tu katika maji ya mwisho ya kusuuza, ili nguo nyeupe izidi weupe. Hakuna dobi asiyejua hivyo. Alijaribu hata kulifua yeye mwenyewe kwa sabuni, likazidi kuharibika. Kabla ya adhuhuri aliitwa msichana mwingine, aliyekuwa akingoja barazani na mama yake.

Njia nzima ya kurudi nilitangulia mbele, mtoto nyuma. Tulipokaa kunywa maji kijitoni, alisema mwenyewe.

"Nilijua, baba. Mwalimu wa misheni alitufundisha kufua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

Hakusema kwa hasira, wala hakulia. Ningemshukuru angelia. Nilijiona mdogo mbele ya mtoto wa miaka kumi na mbili, nikatamani anitukane.

Tekla alitukuta njiapanda, kanga mkononi, anapangusa uso. Aliuliza kuna nini. Nilifungua kinywa, na Lusia akaniwahi. Akamwambia mama yake kwamba shule imejaa, masista walikosea hesabu, wengi wamerudishwa. Tekla alilitazama lile gauni mgongoni mwa mtoto, mabaka yake, lilivyofuliwa na kusuguliwa, kisha akanitazama mimi. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nikasema ndiyo, imejaa.

Mwaka uliofuata masista hawakuandika. Mwaka wa tatu ilikuja barua kutoka Miteja, ya watu waliotaka kumposa Lusia. Walioileta walinipa mimi niisome. Nikampa Lusia aisome mwenyewe.