Kibandiko cha Mkanda

Nimechoka. Niliseme hilo kwanza, maana mtu akinikuta nimekaa juu ya tairi asubuhi yote na chai imenipoa mkononi atadhani ni uvivu. Mwaka wa thelathini na moja huu nafungua injini za watu. Mgongo unalia nikiinama, unalia nikinyooka. Wateja wananiita Fundi Kelele, kwa ajili ya huu mdomo wangu, na sijawahi kubisha kwa sababu si uongo.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, dada yangu mkubwa akanipigia simu. Gari limezimika njiani wakitoka hospitali. Akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, lakini mimi nilishasikia roho inanishuka mpaka kwenye viatu.

Ngoja nieleze. Shemeji yangu, mume wa dada, figo zake zilikufa miaka mitano iliyopita. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima afike hospitali kubwa kusafishwa damu kwa mashine, kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi. Akikosa siku moja anavimba na pumzi inambana. Akikosa mbili, hilo kwetu halizungumzwi. Magari ya kukodi walijaribu. Shemeji akatapika ndani ya moja, na tangu siku hiyo yule dereva hapokei simu, na mwenzake yuko mbali kila akipigiwa, hata ukimwona pale kona anakula karanga. Mimi natengeneza magari ya watu, langu sina, nina pikipiki. Kwa hiyo ni kigari cha dada au hakuna kitu.

Na kigari chenyewe nilimchagulia mimi. Injini ya lita moja, silinda tatu. Watu hukicheka kwa sababu kikisimama na injini inawaka kinatetemeka kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi. Silinda tatu ndivyo zilivyo, hazitulii kama nne. Lakini lita moja ya petroli inakupeleka kilomita ishirini, oili inameza lita tatu tu, na plagi ni tatu, hata mwalimu wa hesabu anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Dada ni mwalimu wa hesabu. Nilimfundisha mara moja, akaandika kwenye daftari, na tangu hapo oili, plagi na kichujio cha hewa anafanya mwenyewe kila inapofika wakati, mimi sigusi.

Injini hiyo ina sharti moja tu: mkanda wa taimingi. Ni mpira wenye meno kwa ndani, ndio unaoziambia valvu zifunguke lini. Kwenye injini ndogo namna hii nafasi imebanwa, valvu na pistoni wanatumia chumba kimoja kwa zamu. Mkanda ukikatika zamu inavurugika, wanagongana, na hapo unazungumzia kufungua sehemu yote ya juu ya injini. Kwa hiyo kila kilomita elfu themanini unaubadilisha, hata kama kwa macho unauona mzima. Na mimi nikishabadilisha naandika kibandiko cheupe kwa wino mzito, nakibandika juu ya kifuniko cha mkanda: umefungwa kilomita ngapi, mwingine ufungwe kilomita ngapi. Hayo ndiyo mazoea yangu, na nikikuta gari limetoka kwa fundi asiyeandika, namtukana hata kama hayupo.

Nilipofika pale barabarani nikamwambia dada apige stata. Injini ikazunguka kwa wepesi, haina uzito wowote. Sikuhitaji kusikia zaidi. Nikafungua kifuniko cha mkanda, nikauona umechanika, meno yamelika kama ya mzee. Nikakitupa kile kifuniko ndani ya buti, nikaanza.

Sitarudia yote. Nilisema mbele ya wapita njia, na mbele ya shemeji aliyelala kwenye kiti cha mbele, mto chini ya kichwa, macho amefumba. Nilisema nimemwandikia kwa maandishi makubwa kama ya darasa la kwanza. Nilisema mtu anaendesha mgonjwa na hata haangalii anaendesha nini. Nikamalizia hivi:

"Mwalimu mzima wa hesabu, namba mbili zimekushinda kulinganisha?"

Dada alitupia dashibodi jicho. Kisha akasema, "Samahani, mdogo wangu. Nimekosa. Litapona kabla ya Alhamisi?"

Nikamwambia sijui, na nilimwambia vibaya.

Tulilivuta kwa lori la muuza matofali. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshaitoa hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Valvu kumi na mbili, saba zimepinda. Pistoni zimepata makovu lakini hazikutoboka, na hapo nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Jumatano alfajiri nilimwamsha jirani yangu mwenye mashine ya kusawazisha hedi, akaniambia nina wazimu, kisha akavaa ovaroli. Valvu saba nilizitoa kwenye injini iliyokufa nyuma ya gereji yangu. Kufikia saa sita hedi imerudi, gasketi mpya, mkanda mpya, na pampu ya maji pia, maana imekaa palepale nyuma ya mkanda na mtu mwenye akili hafungui mahali hapo mara mbili. Nilikuwa nimekula ndizi moja tangu jana, na bado naongea peke yangu namlaumu dada.

Kilichobaki kilikuwa kifuniko. Nikakitoa kwenye buti.

Kilikuwa na uchafu wa oili na vumbi kila upande, isipokuwa pale penye kibandiko. Pale palikuwa peupe. Mtu amekuwa akipapangusa, na si mara moja. Nikasoma mwandiko wangu: MKANDA 140,000. MWINGINE 220,000. Nikaingia kwenye gari nikasoma dashibodi. Ilisema 163,000.

Kwanza nilifikiri, ala, kumbe ulikuwa bado, basi mkanda ule ulikuwa bandia. Nikashika simu nimtukane aliyeniuzia. Halafu nikaona skrubu moja ya dashibodi haifanani na nyingine, nikaikumbuka. Niliifunga mimi.

Dashibodi ya kwanza ilikufa miaka mitano iliyopita, gari likiwa na kilomita 151,000. Nilimtafutia nyingine kwenye gari lililogongwa, na hiyo ilikuwa inasoma 58,000. Niliifunga kwa nusu saa, nikajisifu, nikaenda kula. Kibandiko sikukigusa. Nikafanya hesabu pale pale kwa kidole kwenye vumbi la kioo: elfu kumi na moja za kwanza, na elfu mia moja na tano za baadaye. Mkanda wa elfu themanini umekwenda mia moja na kumi na sita. Na dada, kila alipofungua boneti, alipangusa, akasoma, akalinganisha, akaona bado elfu hamsini na ushee. Alinitii mimi.

Kisha lingine likanijia, na hilo ndilo lililonikalisha chini. Mwaka juzi alikuja hapa gereji. Nilikuwa chini ya gari la mtu, naona viatu vyake tu. Akaniuliza kama kile kibandiko hakihitaji kuandikwa upya, kwa kuwa dashibodi ilibadilishwa. Nikamjibu bila kutoka huko chini: dada, wewe fundisha watoto hesabu, injini niachie mimi. Viatu vikasimama kidogo, vikaondoka.

Nisikufiche, nilianza kukibandua. Niliingiza ukucha kwenye pembe nikavuta. Ningeweka kipya, na nani angejua? Kilikuwa kimeshafika nusu dada aliposimama mlangoni na mfuko wake wa madaftari ya wanafunzi. Macho yake yakaenda kwenye mkono wangu.

Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, tangu siku ya dashibodi. Kwamba yeye alifanya kila kitu sawa, na mimi nikamwaibisha barabarani mbele ya mumewe.

Dada akaweka mfuko chini.

"Najua," akasema. "Nilijua palepale barabarani, ulipotaja namba mbili. Lakini ningekwambia, ungenuna wiki nzima, kama kawaida yako. Na Alhamisi ni kesho."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, huko ndiko ninakokujua mimi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikaona ni miaka mingapi amekuwa akinipigia hesabu, siku gani aniseme, siku gani aninyamazie, ili mumewe afike kwenye mashine. Nikasema nisamehe, na sikumbuki lini niliwahi kumwambia hivyo.

Akaniambia tuwashe kwanza.

Tukawasha. Ikakohoa, ikashika, ikatetemeka kwa silinda zake tatu. Dada akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo mpaka nikamaliza kuangalia kama kuna maji yanayovuja. Nikampa kalamu na kibandiko kipya. Akaandika mwenyewe: MKANDA 163,000. MWINGINE 243,000. Chini akaongeza tarehe.

Alipomaliza hakunirudishia kalamu. Alisimama akiizungusha vidoleni, kisha akatoa mfukoni lile daftari lake la gari, akasema kuna mambo mengine ya injini alikuwa anataka kuuliza, kama sijachoka sana.

Kwa nyuma alikuwa ameyapanga kwa mstari, kila swali na tarehe yake. La kibandiko lilikuwapo, ameandika pembeni: amesema niache. Yalijaa kurasa mbili na nusu, na la kwanza lilikuwa la miaka mitano iliyopita.

Nikakaa juu ya tairi. Nikamwambia, "Soma."